Dakika mbili za kungoja waya ambao haupo

Wasee, kabla mtu akuambie kompyuta yako imezeeka, angalia kwanza inangoja nini.

Hii kitu iko sana kwa seva za Ubuntu za ofisi ndogo na saiba za mtaani. Stima inapotea, inarudi, mashine inaanza kuwaka, halafu inakwama. Skrini inasema inangoja mtandao. Dakika mbili nzima! Wateja wamepiga foleni, mmoja anataka kuprinti barua ya kazi haraka, na fundi anasema, "Hii imechoka, tafuta mpya."

Haijachoka. Mara nyingi ina poti mbili za mtandao. Moja ina waya, nyingine iko tupu tangu itoke dukani. Lakini kwa mipangilio zote mbili zimeandikwa, kwa hivyo programu inayoitwa systemd-networkd-wait-online inazingoja zote. Muda wake wa kawaida ni sekunde 120. Zikiisha, inakata tamaa na mashine inaendelea.

Sasa hapa ndipo mimi na mafundi wengi hatuelewani. Wao huizima hiyo programu kabisa, ama wanaipa sekunde 5. Sawa, mashine itawaka chapchap. Lakini kungoja kuna sababu yake. Kama seva inafungua folda iliyo kwa mashine nyingine, mtandao usipokuwa tayari folda inaweza kukosa kufunguka. Pia, stima ikirudi, swichi nayo inaanza upya. Zinazotumia STP ya zamani hukaa sekunde 30 kabla poti ipitishe data, zikihakikisha waya haujazunguka ukajirudia. Sekunde 5 zitasaidia nini hapo?

Dawa ni kuiambia mashine ukweli. Fungua faili iliyo ndani ya /etc/netplan. Chini ya poti isiyo na waya, andika optional: true, nafasi zilingane na mistari ya jirani. Hifadhi, kisha piga sudo netplan apply. Poti yenye waya itaendelea kungojwa, ile tupu itaachwa.

Mimi chuo niliacha, mnajua. Lakini haya yote yameandikwa kwa maelezo ya programu yenyewe, na kuyasoma ni bure. Kinachoniuma ni mama wa saiba kuuziwa mashine mpya kwa sababu ya mstari mmoja. Na wakimwekea mipangilio ile ile, dakika mbili zake zitamfuata huko.

Kwa hivyo fundi akitaja bei, muulize kwanza: inangoja waya gani?