Mwiko wa Mama Mjamzito

Neno mwiko lina maana mbili zinazoishi katika nyumba moja. Kuna mwiko wa kusongea ugali, na kuna mwiko ambao ni katazo. Wa kwanza humpa mtu chakula, wa pili humnyima. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa akisomea tafsiri na fasihi simulizi, aliwahi kuyaandika hayo daftarini kama zoezi la semantiki. Hakujua kwamba kabla ya mwaka kwisha angeyasoma upya, akiwa na mimba ya miezi mitano.

Likizo ilipowadia alikwenda kukaa na mama mkwe wake, magharibi mwa Kenya. Asubuhi ya kwanza alikaanga mayai mawili. Mama mkwe aliyaondoa mezani kwa upole.

"Mwanangu, haya si chakula chako sasa. Mtoto atanenepa tumboni, nawe utashindwa kumzaa."

Binti hakujibu. Somo la fasihi simulizi lilikuwa limemfunza kuwa miiko haizuki ovyo. Pale ambapo hapakuwa na daktari wa upasuaji, mtoto mkubwa aliweza kumpeleka mamaye kaburini, na aliyetunga katazo hilo huenda alikuwa ametoka mazishini. Hata hivyo, alikumbuka pia kwamba baadhi ya jamii za eneo hilo ziliwakataza wanawake nyama ya kuku hata wasipokuwa na mimba. Basi akajiuliza: mwiko huu humlinda mama, au hulinda sahani ya mwingine?

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Ukutani palikuwa na orodha ya vyakula ambavyo mjamzito hutakiwa kuviepuka, yote kwa Kiingereza. Mama mkwe akaomba asomewe. Binti alianza kwa madaha ya mwanatafsiri, lakini mstari wa kwanza tu ukamkwamisha. Ulitaja jibini laini za Ulaya.

"Hizo huuzwa duka gani?" mama mkwe aliuliza.

Swali hilo lilimzindua. Jibini hizo hukatazwa kwa kuwa baadhi yake hutengenezwa kwa maziwa mabichi, na hata zisipotengenezwa hivyo, unyevu wake huweza kukuza bakteria ya listeria, ambayo huweza kuiharibu mimba. Pale kijijini maziwa mabichi yalikamuliwa kila asubuhi, nayo huweza pia kuwa na vijidudu vya bruselosi. Tafsiri sahihi basi haikuwa jina la jibini, bali: "Usinywe maziwa yasiyochemshwa." Akaendelea hivyo hivyo. Nyama isiyoiva ikawa nyama choma inayochuruzika damu. Samaki wakubwa wenye zebaki wakawa papa anayeliwa Pwani, ilhali omena wakabaki halali. Mvinyo ukawa busaa na chang'aa, kwani hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Kuhusu kahawa, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mjamzito anayepata zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze.

Jambo moja halikuwamo orodhani, nalo lilikuwa mkobani mwake, limefungwa kwa karatasi. Lilikuwa odowa, ule udongo mgumu unaouzwa sokoni, aliokuwa akiutafuna kwa siri tangu mwezi wa pili wa mimba.

Majibu ya damu yalionyesha gramu 9 za himoglobini kwa desilita, ilhali mjamzito hutarajiwa kuwa na 11 au zaidi.

"Mama, unakula udongo?" muuguzi aliuliza.

"La," akajibu.

Kimya kikatanda. Mama mkwe alitazama mikono yake mwenyewe, kisha akasema polepole, "Sista, mimi nilikula nilipokuwa na mimba ya mume wa huyu. Nilikula mpaka nikaanguka kisimani. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hapo binti alifungua mkoba, akaitoa ile karatasi na kuiweka mezani.

Muuguzi hakumkemea. Alieleza kwamba udongo huweza kuzuia mwili usipate madini ya chuma, na huweza kubeba mayai ya minyoo na hata risasi, ile metali yenye sumu. Hakuwa peke yake katika hali hiyo. Katika utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 1998, zaidi ya nusu ya wajawazito waliohojiwa walikula udongo mara kwa mara. Alipewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki, akaonywa asivimeze kwa chai, maana chai hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Mama mkwe alipoahidi kumpikia maini kila siku, muuguzi alikataa. Vitamini A inayopatikana kwa wingi katika maini, ikizidi, humdhuru mtoto. Kuhusu mayai alisema, "Ale, mradi yaive mpaka kiini kigande."

Jioni ile binti aliandika orodha mpya kwa Kiswahili, kila katazo na sababu yake, akaibandika jikoni. Odowa aliiandika ya kwanza. Mama mkwe alisomewa yote, akatikisa kichwa penye mayai, akanyamaza. Kulipokucha, binti alikuta mayai mawili mezani, yamechemshwa hadi yakawa magumu kama mawe.

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Binti yule hakuiacha mila. Aliiuliza sababu yake, naye mkwewe akakubali iulizwe. Wanaojifunza Kiswahili vyuoni hawana budi kujiuliza ni orodha ngapi bado ziko ukutani katika lugha isiyomfikia mama, na ni mambo mangapi mama huyo angeyasema lau angeulizwa kwa lugha yake.