Damplingi za Kisaki

Najua wapo mtakaocheka. Mtu anatoka Dar, mji wenye migahawa ya Kichina kuanzia Kariakoo mpaka Masaki, anapanda treni, analala Morogoro, alfajiri anapanda basi la vumbi, eti anakwenda kula damplingi Kisaki! Hata mimi nilicheka. Halafu nikanuna, kwa sababu nilijua mwaliko ule una jambo nyuma yake.

Mume wangu ni mpima ardhi. Kwa miezi 14 alikuwa Kisaki kikazi, na kila baada ya wiki tatu au nne alikuwa anakuja nyumbani Dar. Mimi kwenda kwake? Hata mara moja. Sababu sikukosa: mara gazeti linakwenda mtamboni, mara mvua, mara barabara. Mpaka siku moja akaniuliza kwenye simu, taratibu tu, bila kupandisha sauti: "Hivi mke wangu, mimi nimeoa au nina mwenyeji wa kufikia nikija Dar?"

Jamani, lile swali lilinikosesha usingizi.

Sasa, kumbukumbu ya ndoa yetu tulikuwa na mahali petu. Ni kamgahawa kadogo pale Msasani, mpishi Mchina aliyependa mambo ya Kizungu. Damplingi zake alikuwa anazikaanga kwa siagi, nyingine anaweka jibini ndani, na badala ya sosi ya soya peke yake anakuletea krimu chachu yenye majani ya kitunguu. Pale ndipo nilipovalishwa pete. Mgahawa ule ulishafungwa, na mwaka huu wa tano nilipomuuliza twende wapi, alijibu kwa ujumbe mfupi: "Njoo Kisaki nikulishe. Ukipita Morogoro beba liki, chainizi, tangawizi na siagi."

Basi nikaenda. Siku hizi kufika Morogoro si kazi. Tangu treni ya SGR ianze safari zake mwaka 2024, unatoka Dar jioni baada ya kazi na muda wa kulala unakukuta Morogoro. Asubuhi ya Jumamosi ilinikuta Soko la Chifu Kingalu na orodha mkononi. Liki na chainizi za pale, sehemu kubwa hushuka na wakulima kutoka milimani, na ukisikia mboga za Kizungu Morogoro ujue Mgeta imetajwa. Kule juu kuna baridi ya kutosha kuotesha viazi mviringo, karoti, hata matunda damu. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Sokoine kilipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, na wakawazoea Waluguru kuliko walivyotarajiwa. Kwa hiyo Uzungu niliobeba kwenye kikapu ulikuwa wa Morogoro kabisa.

Basi la Kisaki hupita Bigwa, likazunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki: Mkuyuni, Matombo, Mvuha. Kama unapenda kuangalia nje, kaa upande wa kulia wakati wa kwenda. Migomba, mafenesi, minanasi, na milima inayokufuata dirishani kama mtu anayekudai. Matombo nilishuka dakika tano nikanunua pilipili manga, ambayo haikuwa kwenye orodha. Baada ya Mvuha ardhi inalala, joto linapanda, na vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Mwezi wa tisa barabara ilikuwa kavu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, fikiria mara mbili.

Saa nane mchana nikashuka. Mume wangu alikuwa amesimama chini ya mwembe, amevaa shati nililomnunulia siku ya kuzaliwa, limepigwa pasi. Nani alimpigia pasi? Sikuuliza.

Wageni wengi wanaofika Kisaki hawakai. Wanapita kwenda kuangalia tembo na viboko katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Yeye alinipitisha kwanza stesheni. Jengo la TAZARA ni la zege, halina mapambo, limekaa kama mtumishi wa zamani anayengoja mafao yake. Reli hii ya kilomita 1,860, kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Wachina waliofanya kazi humu, makumi ya maelfu, walikuwa wakilima bustani zao za mboga kambini. Wengine hawakurudi kwao, na makaburi yao yako Majohe, karibu na Gongo la Mboto. Mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa kampuni ya Kichina ya CCECC kuifufua na kuiendesha reli hii kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4.

Na Wazungu? Hao walipita na bunduki. Septemba 1916 Wajerumani wa Paul von Lettow-Vorbeck walipigana hapa Kisaki na majeshi ya upande wa Uingereza, na Januari 1917 Frederick Selous, yule ambaye pori lilipewa jina lake, aliuawa Beho Beho, si mbali na hapa. Kwa hiyo Mchina na Mzungu wote walifika Kisaki muda mrefu kabla yangu, ila hakuna aliyeacha mgahawa.

"Ndiyo maana tutapika wenyewe," mume wangu akasema.

Tulipika kwa mama lishe mmoja karibu na stesheni, mama wa makamo ambaye mume wangu humwita dada. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya mjini. "Kumbe wifi yangu yupo kweli! Mimi nilidhani huyu anatuongopea." Wateja wakacheka. Nami nikacheka, lakini iliniingia.

Kumbe mwenzangu alijifunza kufunga damplingi kwa Wachina aliowahi kufanya nao kazi. Kaskazini mwa China mkesha wa mwaka mpya familia nzima hukaa mezani kufunga jiaozi, kama vile sisi tunavyokaa kufunga sambusa wakati wa Ramadhani, na yeye alikaribishwa mezani akiwa hana pa kwenda. Hilo sikulijua. Aliwahi kunitumia picha ya siku ile, nikajibu kwa kidole gumba.

Mama lishe alitoa sharti moja: nguruwe haingii kwenye sufuria zake. Hakuna tatizo, kuku wa kienyeji akasagwa kwa kisu, akachanganywa na chainizi iliyokamuliwa maji, liki, tangawizi na ile pilipili manga ya Matombo. Unga wa ngano tulikanda kwa maji ya vuguvugu, tukauacha upumzike, tukasukuma kwenye kibao cha chapati. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kitambaa cha damplingi kinatakiwa kiwe chembamba pembeni na kinene kidogo katikati. Changu kilikuwa chapati tu. Mama lishe alinitazama nikihangaika, akaninyang'anya, akafunga 20 mfululizo kwa mikunjo ya sambusa, pembetatu, safi kuliko za mume wangu. Za kwangu tano zilipasuka ndani ya maji, zikawa supu.

Zilizobaki tulichemsha kwanza, halafu nusu tukazikaanga kwa siagi mpaka chini zikawa na gamba la rangi ya kahawia. Sosi ya soya haikuwepo, nilisahau mimi. Mume wangu akaenda kununua maziwa mgando kwa wafugaji. Tukakoroga na kitunguu swaumu na chumvi. Warusi hula pelmeni zao kwa krimu chachu, Wapolandi nao pierogi zao hivyohivyo. Kumbe kibuyu cha mfugaji wa Kisaki kinafanya kazi ileile.

Zilikuwaje? Nitasema ukweli: za Msasani zilikuwa laini zaidi, hilo halina ubishi. Za Kisaki zilikuwa nene, ukila sita umeshiba. Lakini ile pilipili manga mbichi, siagi, na uchachu wa mgando wa baridi juu ya kitu kinachotoa mvuke! Nilikula 11. Nahesabu kwa sababu mama lishe alikuwa anahesabu kwa sauti.

Tulikuwa tumebaki wawili kwenye benchi, taa ya sola juu yetu imejaa wadudu, ndipo akaniambia. Mkataba wake umeongezwa mwaka mmoja. Anatakiwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: miezi minne imebaki, atarudi, tutaanza kuishi kama watu. Nikataka kusema maneno yale niliyoyazoea kwenye simu. Lakini kwenye simu unaweza kukata. Pale hakuna pa kwenda, na usiku Kisaki hutembei hovyo, tembo hawana adabu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwenye ujumbe. Akasema, "Ningekuambia, usingekuja."

Alikuwa sahihi. Nililia kidogo, si kwa hasira tu. Nikamwambia sitaki ajibu ndiyo kwa sababu nimekula vizuri, wala hapana kwa sababu nimelia. Tukakubaliana jambo moja la kuanzia, la ratiba tu: safari moja yeye, safari moja mimi, hata mwezi wa gazeti kwenda mtamboni. Kuhusu mkataba tuliongea mpaka mama lishe akazima jiko na kutuachia ufunguo wa banda. Hatukumaliza.

Jumapili jioni tulikwenda kuangalia chemchemi za maji moto, na nyumba ya wageni tuliyolala ilikuwa na neti nzima na ndoo ya maji. Usitegemee zaidi ya hapo, ila kama unataka chakula cha ajabu mwambie mama lishe mapema na ulete vitu vyako mwenyewe. Ukitaka kwenda kwa TAZARA, uliza ratiba kabla ya kufunga begi.

Jumatatu alfajiri mama lishe alinifungia damplingi sita kwenye kontena, akaniambia, "Wifi, safari ijayo usisahau hiyo soya." Nilizila Mvuha zikiwa za baridi. Jirani yangu wa kiti alizitazama sana, lakini sikumpa hata moja.