Wimbo wa furaha uliotangaza moto

Mpigie mtoto wa miaka minne rekodi ya The Stars and Stripes Forever kwenye simu, kisha mtazame miguu. Hahitaji kufundishwa. Wimbo huo wa gwaride, uliotungwa na John Philip Sousa wa Marekani mwaka 1896, hupigwa kwa mwendo wa mapigo 120 hivi kwa dakika, yaani mawili kila sekunde. Watu wazima wengi hutembea karibu na mwendo huo huo bila kuhesabu hatua, ndiyo maana bendi ya polisi ikipita barabarani hata mama mwenye kikapu cha sokoni hujikuta anakwenda nayo sambamba. Mtoto mwenye miguu mifupi hulazimika kupiga hatua nyingi zaidi. Kwake gwaride ni mchakamchaka.

Mwendo huo una kazi nyingine ambayo mzazi afadhali aijue. Anayekandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama hutakiwa kukandamiza mara 100 hadi 120 kwa dakika, awe mtoto au mtu mzima. Akizidisha hapo, mikono huanza kugusa juu juu na moyo haupati nafasi ya kujaa damu. Kwa hiyo gwaride la Sousa limekaa kwenye ukingo wa juu kabisa: liende hivyo, lisiende zaidi.

Wanakwaya watasikia jambo jingine. Do ya wimbo huanzia E-flati, meja iliyochangamka. Baadaye do huhama: ile iliyokuwa fa inakuwa do mpya, yaani A-flati, na wimbo haurudi tena ulikotoka. Ukali unapungua, sauti inakuwa tamu ya kuimbika, kisha filimbi ndogo inaanza kurukaruka juu ya matarumbeta. Dakika tatu na nusu hivi, umekwisha. Ukiulizwa ni muziki wa hali gani utasema wa furaha. (Matarumbeta ya harusi yakipita mtaani, nani amewahi kudhani kuna msiba?)

Lakini kwa watu wa sarakasi za Marekani enzi hizo, wimbo huo ulikuwa king'ora. Bendi zao hazikuupiga katika onyesho la kawaida. Ukisikika, kila mfanyakazi alijua kuna hatari na watu watolewe hemani. Watazamaji hawakujua, na ndiyo ilikuwa nia: mtu atoke kabla hofu haijamshika.

Alhamisi ya tarehe 6 Julai 1944, mchana, sarakasi ya Ringling ilikuwa Hartford, jimbo la Connecticut. Ndani ya hema walikuwamo maelfu ya watu, wengi wao akina mama na watoto, kwani ilikuwa siku ya kazi na wakati wa vita. Turubai lilikuwa limepakwa nta iliyochanganywa na petroli ili lisivujishe mvua. Kiongozi wa bendi, Merle Evans, aliona moto na papo hapo akaipigisha bendi yake The Stars and Stripes Forever. Walipiga hadi hawakuweza kuendelea kukaa mle. Hema liliteketea kwa dakika chache. Watu zaidi ya 160 walikufa, wakiwamo watoto wengi.

Evans na wenzake walitimiza wajibu wao, na wimbo ulifikisha ujumbe kwa waliouelewa. Kilichoua ni njia. Baadhi ya milango ilizibwa na vichochoro vya vyuma vya kupitishia wanyama wakali, na umati ulirundikana hapo. Wengine walikimbilia upande walioingilia, kama afanyavyo karibu kila mtu panapowaka moto, hata kama kuna mlango mwingine ulio karibu zaidi.

Vyuma hivyo vinapaswa kumfanya mzazi wa huku ainue macho atazame dirisha lake. Nyumba zetu nyingi zina nondo kila dirisha, geti la chuma mlangoni, na usiku kufuli. Tunaogopa mwizi, na tuna haki. Ila ufunguo wa kufuli hilo uko wapi saa nane za usiku? Ukiwa mkobani mwa mama, chumbani, chini ya nguo, mtoto aliyeamka kwa moshi yuko mahali pamoja na wale wa Hartford. Utundikwe karibu na mlango, mahali ambapo mtu wa nje hafikii kwa mkono, na mtoto mkubwa ajue kuufungulia gizani. Mjaribuni huku taa zimezimwa, maana moto mara nyingi huja na giza.

Ishara nayo ikubaliwe na wote, tofauti na ile ya sarakasi iliyojulikana kwa wafanyakazi peke yao. Kelele ya "moto!" inatosha. Amueni pia mtakutana wapi nje: chini ya mwembe, kwa jirani, popote pasipohama. Na mpangeni mtu mzima wa kumchukua kila mtoto mdogo kwa jina, kwa sababu wadogo hawakimbii. Hujificha chini ya kitanda au ndani ya kabati, wakanyamaza hata wakiitwa.