Kidole cha Ami

Nitakalokueleza lilitokea nyumbani kwetu Mombasa, na mimi nina fungu langu la lawama ndani yake.

Ami yangu alikuwa dalali wa samaki. Sauti yake ilipopanda mnadani, hata wavuvi waliokuwa bado majini waliisikia. Walakini alikuwa mvutaji tumbaku tangu ujana, na mwaka 2011 sauti ile ilianza kukwaruza. Tukadhani ni mafua. Miezi ikapita kabla hajaonana na daktari. Ilikuwa saratani ya zoloto. Ili kuokoa maisha yake zoloto lilitolewa lote, akawa anapumua kwa tundu lililo chini ya shingo, na maneno yake yote akayaandika daftarini. Mtu ambaye riziki yake ilikuwa kinywani sasa alisema kwa ncha ya kalamu. Hakulalamika, ama, kama alilalamika, hakuandika.

Mwaka 2013 kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilivimba, kikawa kinamwuma usiku kucha. Mimi ndimi niliyesema, kwa uhakika wa mtu aliyesoma kidogo, kuwa ni mdudu wa kidole. Nilimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Katika zahanati moja walikipasua; usaha haukutoka, ila damu. Tukafunga kitambaa, tukangoja. Tulingoja wiki saba. Hatimaye picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa ncha umelika kama ubao ulioingiwa na mchwa, na kipande cha nyama kilipotazamwa kwa hadubini, chembe zilizoonekana zilikuwa zile zile za kooni.

Huenda ukauliza, kama nilivyouliza mimi, ugonjwa wa koo unafuata nini kidoleni? Chembe za saratani hiyo, zikitoka kwao, aghalabu hutua kwanza katika tezi za shingo. Zikiingia katika damu hurudishwa moyoni, na moyo huzisukuma mapafuni, ambako mishipa ni myembamba mno. Ndiyo sababu mapafu hupatwa kuliko viungo vingine vya mbali. Baada yake huja mifupa na ini. Lakini madaktari wamezikuta pia katika ngozi, katika ubongo, na hata ndani ya nyama ya moyo wenyewe. Mkono ni nadra kupita kiasi: katika saratani zilizosambaa, huhesabiwa kama moja tu kwa kila elfu.

Mwaka 1889 daktari Mwingereza, Stephen Paget, alichunguza habari za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona kuwa ugonjwa haukuangukia viungo ovyo. Alizifananisha chembe na mbegu: huchukuliwa kila upande, bali huota pale tu penye udongo uzifaao. Mifupa ya mkono wa mtu mzima ina uboho mwekundu kidogo sana, kinyume cha uti wa mgongo na nyonga. Ni udongo maskini. Katika udongo huo maskini ndimo mbegu ya ami ilimoota.

Nilimwuliza daktari kama zile wiki saba ndizo zilizomkatia ami tamaa ya kupona. Alinijibu bila kunipamba: ugonjwa ukifika mkononi, kwa kawaida umekwisha fika na kwingine, na mapafu ya ami yalikuwa shahidi. Tulichompotezea ni usingizi, maana alipopigwa mionzi kidoleni maumivu yalipungua, akalala. Wengine wangeliona jibu hilo kuwa faraja. Mimi naliona deni. Usiku arobaini na tisa si kidogo kwa mtu asiyeweza hata kupiga kite.

Gumba likiwa limefungwa, alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Daftari lake ninalo. Ukurasa wa mwisho una herufi kubwa zilizolala upande kama mitumbwi wakati wa maji kupwa, na kuzisoma kulinichukua muda. Zinauliza: changu leo wanauzwaje?