Kupanda na Kushuka kwa Presha

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka ugenini na kuyapa makao ya kudumu ni neno presha. Sisi walimu hupendelea kusema shinikizo la damu, kwa kuwa neno hilo lina mzizi wake nyumbani: kushinikiza ni kubana kwa nguvu, na shinikizo ni jina la zamani la mtambo wa kukamulia mafuta. Lakini mtu wa sokoni hasemi shinikizo. Husema, "Fulani ana presha," kama asemavyo, "Fulani ana malaria." Hivyo kipimo kimegeuka kuwa jina la ugonjwa; na ugonjwa huo nao umegawanywa mara mbili, presha ya kupanda na presha ya kushuka. Hiyo ya pili, katika fikra za wengi, ni dalili kwamba roho inaaga.

Hapa Kanombe, katika jiji la Kigali, neno hili lina jirani yake. Kinyarwanda husema umuvuduko w'amaraso, yaani mwendo wa kasi wa damu. Mswahili ameona damu inayobana ukuta wa mshipa. Mnyarwanda ameona damu inayokimbia. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, maneno kama haya hukutana kila siku, darasani na nje ya darasa. Aghalabu tofauti yake huwa ni ya kufurahisha tu. Lakini ziko saa ambapo maana ya neno moja huweza kuamua kama mgonjwa ataendelea kupata dawa ama atanyimwa.

Saa moja ya namna hiyo niliishuhudia miaka michache iliyopita. Jirani yangu, mzee aliyerejea Rwanda baada ya mwaka 1994, alishikwa alfajiri na maumivu makali ya kifua, jasho jembamba likimtoka. Mkewe ni mwenyeji wa Karagwe, Tanzania, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yao. Tulimpeleka katika hospitali moja ya mjini. Daktari alizungumza Kifaransa, nami nikawa mkalimani. Alieleza kwamba mshipa unaoulisha moyo umezibwa na bonge la damu, na kwamba ipo dawa ya kuliyeyusha, itakayoingizwa kwa dripu kwa muda wa saa moja.

Kabla ya yote alipima presha. Jambo hilo lina sababu yake. Dawa inayoyeyusha bonge la damu moyoni haichagui mahali. Huweza pia kusababisha damu kuvuja ubongoni. Hatari hiyo huwapata wachache, wasiofika 1 katika 100 katika majaribio makubwa, lakini huzidi iwapo shinikizo liko juu sana. Likipita 180 kwa 110, madaktari husita, au hulishusha kwanza. La mzee lilikuwa 150 kwa 90. Dripu ikaanza.

Dakika ishirini hazijatimia, muuguzi akasoma 85. Mama yule hakuhitaji mkalimani wa tarakimu. Akanishika mkono akasema, "Mwalimu, presha imeshuka! Waambie waing'oe hiyo dawa, inamwua mzee wangu." Daktari alipunguza mwendo wa dripu, miguu ya mgonjwa ikainuliwa, akaongezewa maji mishipani. Nikatafsiri alilolisema: "Mama, dawa yenyewe ndiyo inayoshusha. Walilitarajia jambo hili. Hawaiachi, wanaipunguza mwendo tu." Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauachia mkono wangu. Baada ya robo saa hivi presha ilianza kupanda tena, na dawa ikamalizwa. Mzee yu hai, na kila asubuhi humwona mtu akitembea kwa fimbo kuelekea sokoni.

Baadaye nilitafuta kuelewa kilichotokea. Dawa ya aina ile, streptokinesi, asili yake ni bakteria. Mwaka 1933 William Tillett, huko Baltimore, Marekani, alionyesha kwamba maji yaliyotokana na bakteria wa aina fulani huyeyusha damu iliyoganda. Ikiingia mwilini, dawa hiyo huamsha kimeng'enya cha damu yenyewe, nacho ndicho kinachokata nyuzi za bonge. Lakini kimeng'enya hicho hicho hufungulia pia kemikali zinazopanua mishipa. Na mishipa ikipanuka, shinikizo hushuka. Kadiri dripu inavyokwenda mbio, ndivyo linavyoshuka zaidi. Katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 1988, la wagonjwa 17,187 katika hospitali 417, presha kushuka au moyo kwenda polepole kuliwapata takriban mtu 1 katika 10 wa waliopewa dawa hiyo. Na faida je? Kati ya kila wagonjwa 100 wasiopewa dawa hiyo wala aspirini, 13 walifariki kwa maradhi ya moyo na mishipa katika wiki 5. Kati ya kila 100 waliopewa zote mbili, walifariki 8.

Ziko sasa dawa mpya zaidi za jamii hiyo, zisizoshusha presha kwa kiasi hicho, na hospitali zenye vifaa huweza kuuzibua mshipa kwa mrija mwembamba. Hata hivyo kanuni moja haijabadilika: saa za kwanza ndizo zenye faida kubwa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Usemi huo unaihusu dripu. Safari ya kwenda hospitali haimo. Mwenye maumivu ya kifua yasiyokoma na asisubiri kupambazuke. Hapa Rwanda gari la wagonjwa huitwa kwa namba 912.

Wahenga walisema pia: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Si ajabu basi kwamba watu wetu huogopa kushuka. Wala sisemi kuwa hofu hiyo ni ya bure. Presha iliyoshuka na isiyopanda ni hatari ya kweli, ndiyo maana muuguzi hakai mbali na kitanda. Ninalolisema ni kwamba neno imeshuka, likiachwa peke yake, halijasema kitu. Imeshuka kutoka ngapi hadi ngapi? Kwa sababu gani? Na wanaomwuguza wanafanya nini?

Maswali hayo matatu ni ya sarufi kama yalivyo ya tiba, kwani ni kazi yetu kumfundisha mwanafunzi kwamba kitenzi kina mtenda, kina chanzo na kina mwisho. Nimeyaingiza katika mazoezi ya ufahamu ya darasa langu la watu wazima, pamoja na maneno kipimo, mshipa na bonge la damu. Nawasihi walimu wenzangu wafanye vivyo hivyo. Siku moja mmoja wa wanafunzi wetu atasimama kando ya kitanda, kati ya daktari na mama aliyeingiwa na hofu, na hatakuwa na muda wa kufungua kamusi.