Sinema ya hela zilizofukiwa

Jamani, hapa Tunduma tukipiga soga za filamu za Bongo, wengi huanza kuhesabu kutoka miaka ya 2000. Hesabu inaanzia mbali kuliko hapo.

Mwaka 1935, kule Vugiri, milima ya Usambara wilayani Korogwe, Mwingereza mmoja, Meja L. A. Notcutt, alianza kutengeneza sinema akiwatumia Waafrika kama waigizaji. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na hela nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Hadi unafungwa mwaka 1937 zilikuwa zimetoka filamu 35. Mkanda wenyewe ulikuwa bubu. Maneno yaliwekwa kwenye santuri, ili picha ileile iongee Kiswahili huku na lugha nyingine kule. Lori lilizizungusha mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani kwa hawa majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka.

Mojawapo iliitwa Post Office Savings Bank. Vibarua wawili wa shambani wanapokea mshahara. Mmoja anafukia hela zake ndani ya nyumba, mwizi anachungulia, kisha anakuja kuzifukua. Mwenzake anapeleka za kwake posta. Mahubiri ya mkoloni matupu, sikatai! Lakini hapa mpakani, ambako kuna watu wanalalia furushi la noti, nusu shilingi nusu kwacha, ipigwe leo kwenye kibanda umiza uone watu watakavyompigia kelele yule jamaa: "Oya, unachunguliwa!"

Ndiyo hivyo, haipo. Kati ya zile 35 zinajulikana tatu tu zilizosalimika, nazo zimehifadhiwa Uingereza: mafunzo ya utabibu wa mifugo, ugonjwa wa safura, na mashamba ya Kingolwira kule Morogoro. Yaani yamebaki madarasa, kisa cha mwizi kimekwenda.

Notcutt na mwenzake Latham walitoa kitabu mwaka 1937, The African and the Cinema, wakasimulia kazi yao. Sawa, tunashukuru. Ila kitabu hakiwezi kukuonyesha yule kibarua alivyoshika kichwa alipokuta shimo tupu. Ile sura ndiyo inayoniuma. Huenda mjukuu wake yupo stendi ya Korogwe sasa hivi anauza machungwa, wala hana habari kwamba babu aliwahi kuwa staa.