Nyota ya Pembe Sita

"Mjomba, huyu ni Bob Marley?"

Tulikuwa nje ya stesheni ya Miasenyi, tunangoja treni ya kwenda Mombasa. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alikuwa ananionyesha stika iliyobandikwa nyuma ya bodaboda. Nikamwambia ni Che. "Che nani?" Nikanyamaza kwanza, nisije nikamgombeza mtoto wa dada yangu mbele ya watu.

Zamani hapakuwa na mtoto wa Miasenyi asiyeijua sura ile. Si kwamba tulifundishwa. Tuliisoma kwenye madigadi. Malori ya masafa marefu yalipopita kuelekea Maungu, yakiacha vumbi jekundu nyuma, vipande viwili vya mpira mweusi vilipepea juu ya lami, na kwenye kila kipande Che alitazama mbali kana kwamba anangoja mvua.

Miongoni mwa Che hao wa madigadi, wengine walizaliwa kwetu. Kando ya barabara palikuwa na mzee mmoja, fundi pancha. Kibanda chake kilikuwa cha mabati na ukuta mmoja wa matofali. Kompresa yake ilikohoa kuliko yeye, na beseni lake la kutafutia tundu lilikuwa na maji meusi ambayo sikuwahi kuona yakibadilishwa. Pale palinuka mpira ulioungua, gundi na tapentaini, vyote pamoja, na juu yake harufu ya viazi karai vya mama aliyekaanga jirani. Mpaka leo nikinusa tapentaini, mate hunijaa mdomoni.

Mzee huyu alinunua fulana nyekundu ya mtumba huko Voi. Hakumjua aliyechorwa kifuani. Alisema tu kwamba macho yale hayana deni la mtu. Lori moja lilipokwama kwake siku mbili likingoja spea, alichukua rangi nyeupe ya mafuta akamchora kwenye madigadi. Pancha alilipisha, picha alitoa bure. Lakini fulana ilikuwa imebanduka rangi penye kofia, na alipofika kwenye nyota akakisia. Ikatoka na pembe 6.

Baadaye sana nilikuja kujua sura ile ilivyofika kwenye fulana. Alberto Korda alimpiga picha mwanamapinduzi huyo, Che Guevara, huko Havana tarehe 5 Machi 1960. Mwaka 1968, Che akiwa ameshauawa Bolivia, mchoraji wa Ireland, Jim Fitzpatrick, aliigeuza kuwa bango la rangi nyekundu na nyeusi. Mwenyewe husimulia kwamba ujanani aliwahi kumwona Che baani alikofanya kazi, katika mji wa Kilkee. Akaliachia bango lichapwe na yeyote, ila begani alificha herufi F ya jina lake. Mwaka 2017 Ireland ikaliweka kwenye stempu.

Tarehe hizo nimezihakikisha. Ya madigadi ya kwanza ya mzee wetu ndiyo imenishinda: mimi nasema 1988, dada yangu anaapa ni baada ya mvua za El Niño. Tuyaache.

Siku moja dereva aliyetoka Malaba alisimama kujaza upepo, akasema ameona Kampala trela yenye Che wa pembe 6. Mzee aliuliza namba ya gari. Hakuwahi kuligusa. Akakaa kitako juu ya tairi, akasema, "Sasa wananiibia," akacheka hadi jioni. Tangu hapo sisi watoto tulihesabu pembe. Lori la pembe 5 tulilizomea. La pembe 6 tulilikimbilia tukipiga mbinja.

Wala hakuna aliyetuambia kwamba Che mwenyewe alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, mwaka 1965, alijiita kwa namba ya Kiswahili: Tatu. Alitoka kule Novemba, ameshindwa. Madereva wa Goma walimrudisha huko kwenye mpira, wasijue wamembeba nani.

Yaliyofuata hayana urefu. Reli mpya ikaja 2017, makontena yakapanda treni, mama wa viazi akahama. Mzee akafa. Ukutani alikuwa amemchora Che mmoja mkubwa, kimo cha mtu. Kampuni fulani ikaja na ndoo na kupaka rangi ya tangazo lake asubuhi moja, hata chai haikupoa. Siku hizi ni stika za mashine: Che, Marley, Messi, zote zinang'aa mng'ao mmoja, zimenyooka hadi zinaudhi.

"Hesabu pembe za nyota," nikamwambia mpwa wangu.

Akainama. "Tano."

"Basi huyo si wa kwetu," nikasema, tukaingia ndani kupanga foleni.